Anayeulizwa na Anayesemewa

Mhadhara wa wazi, Ipuli, Tabora

Mwezi Juni 1871 aliingia Unyanyembe mwandishi wa gazeti la New York Herald, Henry Morton Stanley, akiwa njiani kumtafuta Livingstone. Alipewa tembe la kukaa Kwihara, mwendo mfupi kutoka hapa tulipo, na waliompokea walikuwa wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wenye makazi yao Tabora. Wenyeji wake hao walikuwa na ugomvi na Mirambo, mtemi wa Urambo. Njia ya Ujiji ilikuwa imefungwa, hongo, yaani ushuru wa kupita, ilikuwa imezua maneno, na kila upande ulidai umedhulumiwa mali yake. Stanley aliusikia ugomvi huo barazani kwa upande mmoja. Akatoka na watu wake na bunduki zake, na mwezi Agosti akawa vitani pamoja na waliomkaribisha. Vita ikawaendea vibaya. Kikosi kilichoteka ngome ambayo yeye aliiandika Wilyankuru, nasi tunaiita Ulyankulu, kilishambuliwa na Mirambo kikiwa njiani kurudi na ngawira, na kabla ya mwezi kwisha watu wa Mirambo walikuwa wameingia Tabora na kuchoma sehemu ya mji. Habari hizo ziliwafikia wasomaji wa Marekani kwa kalamu ya mtu aliyeshika bunduki upande mmoja wa vita, na Mirambo waliyemsoma alikuwa jambazi wa njiani.

Aprili 1876, katika safari nyingine, mwandishi yuleyule alikutana na Mirambo ana kwa ana. Wakazungumza, wakapeana zawadi, wakachanjiana damu kuwa ndugu. Stanley akaandika waziwazi kwamba mtu aliyemwona alikuwa mbali kabisa na yule aliyemtazamia: mpole, mwenye adabu, msemaji wa taratibu. Kati ya 1871 na 1876 Mirambo hakuacha vita wala hakupunguza mamlaka yake. Ila safari hii aliulizwa. (Tusimsifu Stanley kupita kiasi. Hata alipomkubali Mirambo alimlinganisha na Bonaparte, kana kwamba ukuu wa mtu wa Urambo hauwezi kusimama mpaka uazimwe jina la Ulaya.) Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinabeba hoja nitakayoitetea jioni ya leo. Tunapolalamika kwamba vyombo vya habari vinazichora vibaya jamii ndogo, kwa kawaida tunatafuta matusi: neno la dharau, picha ya kudhalilisha, kichwa cha habari cha kuchochea. Nadai kwamba katika nchi yetu ubaya wa picha hautoki sana huko. Unatoka katika uamuzi wa kikazi, mdogo, wa kila siku, ambao ripota anaufanya kabla hajaandika hata sentensi moja: nani ataulizwa, na ataulizwa juu ya nini.

Lakini kwanza ni akina nani hao tunaowaita wachache? Tanzania ina makabila yanayozidi mia na ishirini, na hakuna hata moja linalofikia nusu ya watu wote. Sensa ya mwisho kumuuliza mwananchi kabila lake ilikuwa ya 1967. Kwetu, basi, uchache hutegemea mahali mtu aliposimama. Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote nchini, lakini Msukuma aliyeswaga ng'ombe wake hadi bonde la Ihefu, Kilombero au Rufiji aligeuka mgeni miongoni mwa wakulima, na magazeti yakampa jina la mfugaji mvamizi, hasa wakati mifugo ilipoondolewa Ihefu mwaka 2006 na 2007. Wanyamwezi ni wenyeji hapa, lakini pwani na Unguja walijulikana kwa mabega yao: wapagazi wa misafara katika karne ya 19, manamba wa mashamba ya mkonge katika karne ya 20. Kuna Wamanyema waliofika hapa na Ujiji kutoka mashariki ya Kongo, kuna Waarabu ambao mababu zao walikuja na misafara, kuna Wataturu wa mbuga za Wembere. Mji huu ulikuzwa na watu wa kuja. Sidhani kuna mtu ukumbini humu anayeweza kuapa kwamba yeye yuko upande wa wengi popote atakapokwenda.

Vyombo vyetu vina jambo la kujivunia, na ni haki lisemwe kabla ya lawama. Januari 1958 mkutano wa TANU uliofanyika mjini hapa ulikubali, baada ya mjadala mkali, kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Zuberi Mtemvu alikihama chama kwa sababu hiyo, akaunda African National Congress. Uamuzi ule ulikuwa wa mbinu za kisiasa zaidi kuliko wa maadili, lakini uliwazoeza watu kufikiri kwamba asili ya mtu isiwe ndiyo hoja ya kwanza. Baadaye Katiba ya 1977, katika ibara ya 20, ikazuia chama cha siasa kujengwa juu ya kabila, dini au rangi. Vyumba vya habari vikafuata mkondo huo. Mwizi akikamatwa Igunga, gazeti hutaja jina lake, umri wake na mtaa wake. Kabila lake haliandikwi, na mhariri makini hulifuta likiponyoka. Ni desturi njema, wala siombi ivunjwe. Ninachosema ni kwamba desturi hiyo imetupa utulivu ambao tumeupokea kana kwamba ni haki kamili. Kutotaja kabila la mtu na kumsikiliza mtu huyo ni kazi mbili tofauti, na tumeifanya vizuri ile iliyo rahisi.

Mfano ulio karibu nasi ni Ulyankulu hiyohiyo. Mwaka 1972 mauaji ya Wahutu nchini Burundi yaliwasukuma watu kwa makumi ya maelfu kuvuka mpaka, na miaka iliyofuata serikali ikawatengea makazi matatu makubwa: Ulyankulu katika mkoa huu, kisha Katumba na Mishamo katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi. Ulyankulu ililemewa na watu, maji yakawa haba, na kuanzia 1978 wengi walihamishiwa Mishamo. Waliobaki walifyeka miombo, wakalima mahindi na tumbaku, wakalipa kodi. Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Vijiji vyao viliitwa kwa namba za barabara, na kwa miaka mingi Watanzania wameimba nyimbo za injili pamoja na Kwaya ya Barabara ya 13 bila kujiuliza barabara hiyo iko wapi na kwa nini ina namba. Hili nalo ni sehemu ya hoja yangu. Sauti za Ulyankulu zilikuwa zinaingia sebuleni kwetu kila Jumapili asubuhi, tukazipenda, na bado katika taarifa ya habari wenye sauti hizo walikuwa jambo linalozungumziwa na wengine.

Mwaka 2007 serikali iliwauliza watu wa makazi hayo matatu, waliokuwa wapatao 218,000, kama wanataka kurudi Burundi au kubaki na kuomba uraia. Wanne katika kila watano walichagua kubaki. Maombi ya watu wapatao 162,000 yalikubaliwa na jambo hilo likatangazwa mwaka 2010. Hapo ndipo Ulyankulu ilipopata nafasi magazetini. Idadi ikageuka kuwa jina lao: wakawa wale laki moja na sitini na mbili elfu, kielelezo cha ukarimu wa Tanzania mbele ya dunia. Sikatai kwamba ulikuwa ukarimu. Ni nchi chache zilizowahi kutoa uraia kwa wakimbizi wengi hivyo kwa mara moja. Lakini tangazo la 2010 lilikuwa na sharti. Raia hao walitakiwa kwanza kuhama makazi na kutawanywa katika mikoa mingine, ndipo wapewe vyeti. Mpango wa kuwahamisha ukasuasua, hatimaye ukaachwa, na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014. Katika miaka hiyo minne, swali kubwa kuliko yote kwa mkulima wa Barabara ya 13 lilikuwa kama apande miembe na kujenga nyumba ya tofali za kuchoma, au asubiri lori la kumpeleka mkoa asioujua. Swali hilo halikuwa na mgeni rasmi. Halikuwa na utepe wa kukatwa wala hotuba ya kunukuliwa. Kwa hiyo, machoni pa chumba cha habari, halikuwa tukio.

Sisemi kwamba hakuna mwandishi aliyefika huko na kuwasikiliza watu. Walikuwapo, na kazi yao ilikuwa nzuri. Nasema juu ya mazoea. Msomaji aliyefuatilia habari za makazi hayo kwa miaka yote hiyo angejua vizuri msimamo wa Wizara ya Mambo ya Ndani, angejua pongezi za Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, angejua wasiwasi wa baadhi ya wanasiasa wa mikoa iliyotajwa kuwapokea. Angepata taabu sana kujua mkulima wa tumbaku wa Ulyankulu ana maoni gani kuhusu bei ya zao hilo, ingawa wilaya za Urambo na Kaliua zinategemea tumbaku na mkulima huyo ni mmoja wa wanaoilima. Maoni ya bei ya tumbaku waliulizwa wakulima wengine. Yeye aliulizwa kuhusu ukimbizi wake. Na hata jibu la swali hilo mara nyingi lilikuwa limeshatolewa na ofisa aliyesimama jirani yake.

Kwa nini inakuwa hivyo? Wasomi wengi wa mambo haya, hasa wanaotoka nchi tajiri, hukimbilia kueleza chuki ya mwandishi. Mimi nadhani maelezo bora yako kwenye nauli. Mwandishi wa mkoani katika vyombo vyetu vingi hana mshahara wa kutosha, na wapo wasio na mshahara kabisa; hulipwa kwa habari iliyotoka. Safari ya kwenda Kaliua na kurudi, pamoja na chakula na malazi, inaweza kula malipo ya habari kadhaa. Msafara wa kiongozi ukienda, una gari lenye nafasi, na mara nyingine una posho. Basi mwandishi anakwenda na msafara, anashuka pale msafara unaposhuka, na anaondoka unapoondoka. Mkuu wa wilaya anazungumza, ofisa anaongeza takwimu, mwananchi mmoja anasimamishwa ili ashukuru. Jioni, mhariri Dar es Salaam akiuliza kama stori imebalansiwa, jibu ni ndiyo: maofisa wawili na mwananchi mmoja. Hakuna aliyemchukia mtu yeyote. Tazama pia kwamba Stanley alikuwa na fedha nyingi za gazeti lake, na bado akala na kulala upande mmoja wa vita. Umaskini wa waandishi wetu unaeleza mengi, lakini usitumike kufunika kila kitu. Kuna uvivu wa akili unaoambatana na starehe ya kusafiri na wakubwa, nao hauponi kwa kuongezewa bajeti.

Ukiishika hoja hii mkononi, habari nyingine nyingi zinaanza kusomeka. Septemba 2013 ilianza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na kila siku tulipewa idadi ya wahamiaji haramu waliokamatwa, bunduki zilizosalimishwa na ng'ombe waliorudishwa. Miongoni mwa waliosombwa walikuwamo watu waliokuwa wameishi humo kwa miongo, wengine wameoa na kuolewa na Watanzania. Idadi zile hazikuwa lazima za uongo. Zilikuwa jibu la swali aliloulizwa kamanda. Au chukua Ngorongoro. Sheria ya 1959 iliruhusu Wamasai kuishi humo pamoja na wanyamapori. Mwanzoni mwa 2022, kabla kaya za kwanza hazijaanza kuhamia Msomera wilayani Handeni mwezi Juni, televisheni na magazeti yalijaa taarifa za ongezeko la watu na mifugo, zikisemwa na wahifadhi, wanasiasa na wachambuzi wa studio. Mmasai huyohuyo, siku hizohizo, alikuwa kwenye mabango ya utalii na matangazo ya biashara, na shuka lake jekundu na mkuki wake, akitabasamu. Katika tangazo ni pambo la taifa, katika habari ni mzigo wa hifadhi, na kote kuwili hajaulizwa kitu. Naona kwamba sifa ya bango na lawama ya taarifa zinatoka mahali pamoja. Ndiyo maana sifurahishwi sana na wanaodai kwamba dawa ni kuonyesha zaidi ngoma na mavazi ya jamii hizi kwenye vipindi vya utamaduni. Ngoma ya Wataturu ikirushwa kila wiki, na Mtaturu asiulizwe lolote kuhusu malambo yaliyokauka, tutakuwa tumeongeza mabango tu.

Sasa nije kwa wanaopinga. Pingamizi zito kuliko yote linasema hivi: ukianza kuzipa jamii ndogo kipaza sauti, unafungua mlango wa ukabila, na majirani zetu wametuonyesha mwisho wake. Redio ya RTLM nchini Rwanda ilianza kurusha matangazo Julai 1993, na mwaka uliofuata ilihimiza kuuawa kwa Watutsi. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waanzilishi wa redio hiyo, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Kenya nako, baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, mtangazaji wa redio ya Kikalenjin, Joshua arap Sang, alifikishwa The Hague, ingawa kesi yake ilifutwa Aprili 2016. Kanuni zetu za utangazaji zinazotaka redio zizungumze Kiswahili au Kiingereza, isipokuwa kwa kibali, zinatetewa kwa mifano ya aina hii. Ni hofu ya kweli na siichezei. Mkoa huu na mikoa jirani ilipokea watu waliokimbia matokeo ya ukabila huo.

Lakini tuutazame mfano wa RTLM kwa makini. Kosa lake halikuwa kuwasikiliza Watutsi kupita kiasi. Ilikuwa redio ambamo jamii moja ilizungumziwa kutwa kucha na watu wengine, ikahesabiwa, ikapewa nia, ikapewa majina, pasipo yenyewe kuwa na nafasi ya kujibu. Kwa maneno mengine, ni ugonjwa ninaouzungumzia mimi ukiwa umefika kilele chake kwa makusudi ya watu waovu. Na upande wa pili wa mpaka kuna ushahidi ambao tunautaja kwa nadra. Mwaka 1995, wilayani Ngara, Shirika la Kijesuiti la Kuwahudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera, ikawatangazia wakimbizi na wenyeji kwa pamoja, ikijadili kuni, maji, afya, watoto waliopotezana na wazazi. Masikio yaleyale yaliyokuwa yamesikia RTLM yalisikia redio hii. Haikuleta vita. Simanjiro nako, redio ya jamii ya Orkonerei huko Terrat imewapa wafugaji nafasi ya kuzungumza mambo yao, na Jamhuri haikutikisika. Kwa hiyo nikubaliane na wanaohofu katika jambo moja, kwamba redio inayopewa kabila moja ili liyazungumzie mengine ni hatari, kisha niachane nao hapo. Ninachokitetea ni mtu wa jamii ndogo kuulizwa katika vyombo vya wote, kwa Kiswahili cha wote, juu ya mambo ya wote.

Kuna wengine watakaosema kwamba nayachukua mambo kwa uzito mno, kwani sisi ni watu wa utani. Hapa niruhusiwe kukaa kidogo, kwa sababu utani ni mali ya njia hii ya misafara. Wanyamwezi na Wazaramo, Wanyamwezi na Wagogo, walitaniana kwa sababu walikutana: walipigana mahali fulani, wakauziana chakula, wakazikana njiani. Mtani alikuwa na ruhusa ya kukutukana kwa sababu alikuwa pia na wajibu kwako. Ukifiwa, yeye ndiye aliyefika, akafanya kazi za msiba, akachukua kitu chako bila kuomba, akakuchekesha siku ambayo ndugu zako hawakuweza. Na siku ya pili zamu ilikuwa yako. Linganisha na mchekeshaji wa televisheni anayeigiza Mmasai mlinzi asiyejua lifti, Mhindi wa dukani anayenung'unika hesabu, au Msukuma aliyeshangaa mjini. Anayechekwa hana zamu, wala mchekeshaji hana wajibu wa kufika msibani kwake. Mzaha wa aina hiyo unaweza kuchekesha. Mwingine unachekesha kweli, na sitaki sheria ya kuupiga marufuku. Naomba tu usitetewe kwa jina la utani. Utani ulikuwa mfumo wa kujibizana, na bila ya jibu haubaki utani.

Pingamizi la tatu ni la vijana: kwamba siku hizi kila mtu ana simu, kila jamii inajisemea yenyewe, na swali la nani anaulizwa na ripota limepitwa na wakati. Lina ukweli wake. Mwaka 2022 sauti za watu wa Ngorongoro na wa Loliondo jirani zilisambaa kupitia simu zao wenyewe. Lakini simu haimfikishi mtu kwenye taarifa ya saa mbili usiku, na taarifa hiyo bado ndiyo inayoangaliwa na anayeamua bajeti ya maji. Isitoshe, nafasi hiyo ya mtandaoni haikuachwa huru. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu kulipia maombi, leseni na ada ya mwaka, jumla shilingi milioni mbili na laki moja, kabla ya kanuni hizo kulegezwa baadaye. Shirika kubwa la habari hulipa fedha hiyo bila kuitambua. Kijana wa Mishamo anayetaka kuandika habari za kijiji chake angeuza mahindi ya misimu mingapi?

Nimebakiza ugumu mmoja ambao hautoki kwa wapinzani wangu, unatoka ndani ya hoja yenyewe. Nikisema jamii iulizwe, ni nani katika jamii? Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya utafiti miongoni mwa wakimbizi wa Burundi wa 1972 katikati ya miaka ya 1980, akaandika kitabu kilichotoka 1995. Aliwakuta watu wa Mishamo wakiishika kwa nguvu historia yao kama taifa lililo uhamishoni. Wale waliojipenyeza Kigoma mjini, waliotoka nchi ileile kwa sababu ileile, hawakutaka hata kuitwa wakimbizi. Walichanganyika, wakaoana na wenyeji, wakajitambulisha kwa namna iliyowafaa siku hiyo. Ripota ambaye angewauliza wa Mishamo peke yao angeandika habari ya kweli na ya uongo kwa pamoja. Ndivyo pia kwa mzee anayeletwa mbele kila mara kuwasemea Wamasai, huku wanawake wanaochota maji wakibaki nyuma ya kamera, au mchungaji wa kanisa anayeisemea Ulyankulu nzima. Jamii ndogo nayo ina wakubwa wake. Wala kumsikiliza mtu si kumwamini: Mirambo naye alimweleza Stanley mambo yaliyomfaa Mirambo. Mwandishi anayehamia kutoka baraza moja hadi jingine na kuandika alichoambiwa huko amebadilisha wenyeji tu. Kinachotakiwa ni kazi ya kawaida ya uandishi, ya kuuliza watu kadhaa wenye masilahi yanayopingana, ifanywe Ulyankulu kama inavyofanywa Kariakoo.

Hilo lina matokeo ya vitendo, na mengine si ghali. Redio za mjini hapa zinaweza kuwa na wachangiaji wanaoishi makazini, wanaolipwa kwa taarifa ya soko, ya shule na ya mvua, ili siku ya tukio kubwa wawe tayari wana namba za simu za watu zaidi ya katibu tarafa. Wahariri wanaweza kuacha kuhesabu sauti na kuanza kutazama zilikuwa za nani. Na kuna jambo la lugha ya habari ambalo litatubana karibuni. Ulyankulu sasa ni jimbo la uchaguzi. Watoto waliozaliwa huko baada ya Oktoba 2014 kwa wazazi wenye vyeti ni Watanzania wa kuzaliwa kama mtoto yeyote wa Ipuli, na wa kwanza wao watapiga kura ya rais mwaka 2035. Ripota atakayetumwa siku hiyo kwenye kituo cha Barabara ya 13 atawakuta wapiga kura wa miaka ishirini wakilalamikia foleni, ajira na bei ya mbolea, na mhariri wake atamwomba, kama ilivyo kawaida, aongeze sentensi moja ya kueleza kwamba hao ni raia wapya, wazao wa wakimbizi. Sioni sentensi hiyo itakuwa inamweleza msomaji nini kuhusu foleni.